Mahakama Haimjui Mjomba Wako

Mwangi,

Shati lako jeupe mama yako amelipiga pasi na kulitundika nyuma ya mlango. Viatu umevipiga rangi mwenyewe. Kwa hiyo sina la kukuambia kuhusu mavazi, wala kuhusu jinsi ya kusimama mbele ya hakimu. Hayo umeyajua mapema kuliko nilivyopenda. Nakuandikia kwa sababu chini ya shati hilo nimeuona mkoba wako wa safari, umejaa hata zipu haifungi. Mtu anayejiandaa kufungwa habebi raba na chaja ya simu.

Tena jana jioni nilikuwa barazani ulipozungumza na binamu yako Oduor wa Busia, kule mpakani, ukidhani nimesinzia kitini. Simu yako unaiweka spika, na mimi bado nasikia.

"Buda, wewe kuja tu," alisema. "Ukishavuka hapa, hao watu watachoka wenyewe. Korti iko na kesi ngapi?"

"Nitaona," ukasema.

"Utaona nini? Jela ndiyo utaona."

Akacheka. Wewe hukucheka, na ndiyo maana nina matumaini kwamba barua hii utaisoma mpaka mwisho.

Kesho basi unaondoka nyumbani. Hilo nimelikubali. Nisichojua ni kwa njia ipi. Kuna njia ya mjini Kisumu, kortini, ambako unaweza kurudi nami jioni au usirudi kwa miezi mingi. Na kuna njia ya Kisian, kwenda Busia. Sitafunga lango. Una miaka ishirini na miwili, na lango la nyumba za kupanga za Migosi halijawahi kumzuia mtu.

Nilimwomba mama yako akuandikie yeye, kwa kuwa ana maneno laini. Akasema, "Andika wewe, Baba Mwangi. Mimi nikishika kalamu nitamwambia akimbie."

Kesi ya kwanza ni yako, hatubishani. Ulikunywa baada ya mpira, ukachukua gari la rafiki yako, na pale Kondele ukaingia nalo kwenye meza ya Mama Akinyi akiwa anakaanga samaki. Mafuta yakamwagika kwenye mkono wake wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko. Hakimu angeweza kukufunga siku ile. Alikuweka chini ya uangalizi wa probesheni mwaka mmoja na nusu, akakupokonya leseni kwa muda huohuo, na sehemu ya sababu ni Mama Akinyi mwenyewe. Afisa wako, Bi. Nekesa, alipomwendea kumuuliza anataka nini, alijibu, nawe unayajua maneno haya: "Simtaki jela. Jela itanirudishia ngozi? Namtaka aache pombe, na Jumamosi aje anibebee makaa."

Uliacha pombe. Na Jumamosi ulibeba makaa. Nilipita pale siku moja bila wewe kuniona, nikakukuta umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa unaparua magamba ya ngege huku yeye akikutukana kwa Kijaluo kwamba unaharibu samaki. Nilirudi dukani nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Niliona hunywi, nikadhani tumemaliza. Kila ulipotoka nilinusa pumzi yako kama mbwa wa polisi, na kila niliponusa nikakuta hakuna kitu nilijiambia sharti la mahakama limetimizwa. Karatasi ile ilitaja pombe, ndiyo, lakini ilitaja na usukani. Nimeuza vipuri vya baiskeli na pikipiki maisha yangu yote, nimesoma vitabu kuliko wateja wangu wote, na sentensi mbili zilizofuatana nikasoma moja tu.

Kisha mjomba wako Otieno akafa.

Nitakueleza kwa nini kifo chake kilinifanya mjinga, maana mengine hukuwahi kuambiwa yote. Nilitoka Murang'a nikiwa kijana asiye na ndevu, nikafungua duka Kondele, nikaoa dada yake Otieno. Wakwe zangu waliniita or, yaani shemeji, na walinitania jinsi mashemeji wanavyotaniana. Kwamba napima hata machozi kwa mizani. Kwamba nikikaribishwa ugali nauliza bei. Nilicheka nao. Lakini mwaka wa machafuko ya uchaguzi, ulipokuwa na miaka minne, utani uliisha. Vijana nisiowajua walikuja kuuliza duka la yule mtu wa milimani liko wapi, na vijana ninaowajua wakawaonyesha. Otieno hakuniuliza nataka kwenda wapi. Alinilaza nyuma ya pikapu yake, akanifunika kwa magunia ya mkaa, akapita vizuizi vyote mpaka kituo cha polisi, akiwasalimu waliovisimamia kwa majina ya baba zao. Nilimsikia akiimba. Baadaye aliniambia hakuwa na raha yoyote, alikuwa anaimba ili nisisikike nikikohoa.

Duka liliungua. Mama yako na wewe mlikaa kwake miaka minne, na mimi nikaishi Nakuru kama mzigo uliosahaulika stendi.

Kwa hiyo siku ile nje ya mochari, jeneza likiwa limeshapakiwa, sikuwa na akili ya kawaida. Unakumbuka dereva tuliyemkodi. Alikuwa ameegemea ukuta na kichupa mfukoni, amekuwa akimuaga marehemu kwa namna yake tangu asubuhi. Jua lilikuwa limepita utosini. Kule nyumbani watu walikuwa wanangoja, na mwenye boma hatakiwi kuingizwa kwake gizani kama mwizi.

Mzee Ogola, ndugu yake marehemu, akauliza nani anaweza kuendesha. Kisha mtu mmoja akasema, akikuonyesha wewe, mpwa wa marehemu, "Si okewo yuko hapa?"

"Huyu?" mwingine akajibu. "Huyu aliendesha mpaka ndani ya sufuria ya samaki."

Walicheka, msibani hivyohivyo. Nawe ukainamisha kichwa. Ogola hakucheka. Alinitazama mimi.

"Or," akasema, "mtoto wako ni mwana wa dada yetu. Kwetu kuna kazi ya mazishi ambayo watoto wangu wote hawaruhusiwi kuifanya, ila okewo. Kesho tutamhitaji. Leo pia tunamhitaji. Ama kwenu milimani mjomba ni mtu wa kupita tu barabarani?"

Ulinivuta kando. Nakumbuka ulivyosema, kwa sauti ya chini, ukiwa na adabu zote: "Baba, nimekatazwa. Acha nimpigie Bi. Nekesa kwanza, anishauri."

Na mimi nikakujibu kwa sauti ya juu, ili wakwe zangu wasikie: "Mahakama haimjui mjomba wako."

Nikachukua ufunguo mkononi mwa Ogola, nikautia mkononi mwako, nikavikunja vidole vyako juu yake. Ulikuwa na simu katika mkono wa pili. Ungemaliza kupiga namba ile kabla mimi sijafika kwenye mlango wa gari. Mtoto aliyelelewa kumtii baba yake alitii. Sasa natakiwa kukulaumu kwa hilo, na siwezi.

Uliendesha vizuri. Polepole, mikono miwili, wanawake wakiimba nyuma kando ya jeneza na yule dereva amelala katikati yao. Ogola alikuwa upande wa dirisha, mimi katikati, na nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Tulipofika Kisian tukakuta kizuizi.

"Poleni na msiba," askari mmoja alisema. "Leseni, kijana."

Ogola akainama mbele yangu. "Afande, huyu ni okewo. Anampeleka mjomba wake nyumbani."

"Mzee, sijauliza okewo. Nimeuliza leseni."

Akakuletea kile kipimo cha pombe, ukapuliza. Akakitazama, akakugeuzia nawe ukione. "Hakuna kitu. Wewe ni msafi kuliko mimi. Sasa leseni iko wapi?"

"Iko kortini, afande," ukasema.

Nyuma, yule dereva akainua kichwa. "Mimi niko na leseni, afande. Na niko sawa kabisa."

"Wewe lala hapo na mwenzako," askari akamwambia. Wanawake waliacha kuimba.

Ungeweza kusema umeisahau nyumbani. Ungeweza kutaja jina lingine. Hapakuwa na mtu kwenye gari lile ambaye angekupinga, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba wewe ni Ochieng tu, jina ambalo mama yako hukuita, na hujawahi kuwa na kesi. Ulisema kweli kabla sijasema uongo. Wakatafuta dereva kwenye stendi ya pale, pikapu ikaondoka na Otieno. Sisi wawili tukabaki. Nera wako, mjomba wako, alizikwa kesho yake ukiwa ndani ya seli nami nikiwa nje ya kituo na chai ambayo hawakuruhusu iingie. Ile kazi ya okewo hakuifanya mtu. Nilivunja sharti la mahakama ili mpwa afike kwa mjomba wake, na mpwa hakufika.

Bi. Nekesa alipokuja hapa nyumbani, wewe ukiwa umekwenda kwa Mama Akinyi, nilimwomba. Nilimwomba vibaya, kama mtu anayenunua. Nikamwambia ataje tu kwamba ulikuwa hujanywa, hilo la kuendesha lipite.

"Mzee," akasema, "nitaandika kwamba ameripoti kila mara. Nitaandika kwamba hajanywa. Nitaandika habari ya makaa. Na nitaandika kwamba aliendesha. Siwezi kuandika nusu mtu."

Nikamwuliza kwani sheria haina mjomba. Akaniangalia kama wewe unavyoniangalia nikikosea kutumia simu.

"Ungenipigia, ningekutafutia dereva. Hata mimi niko na mjomba, Mzee."

Kisha akanieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza bila kupunguza, kwa sababu Oduor amekupa hesabu yake na ni haki upate na hii. Probesheni si kuachiliwa. Ni hukumu ambayo hakimu ameisimamisha mlangoni. Kesho anaweza kukuonya na kukuacha umalize muda wako. Anaweza kukutoza faini na bado ukaendelea. Anaweza kuufuta uangalizi wote na kukuhukumu kwa lile kosa la kwanza, la mkono wa Mama Akinyi, kana kwamba miezi yote uliyoripoti haikuwapo. Tena kuendesha ukiwa umepokonywa leseni ni shtaka linalosimama peke yake. Nilimwuliza lipi lina uwezekano zaidi. Akasema hakimu si mvua, hatabiriki. Akavaa viatu vyake mlangoni, halafu akageuka.

"Ila asipofika, Mzee, hakuna la kupima tena. Hati ya kumkamata itatoka siku hiyohiyo, na haizeeki."

Hilo la kutozeeka ndilo lililoninyima usingizi, kwa kuwa nimeliona kwa macho.

Kule Nakuru nilipanga chumba na mtu aliyejiita Kariuki. Nami nilikuwa nimekimbia, lakini mimi nilikimbia kwa sababu ya jina langu, na yeye alikuwa amelikimbia lake. Alitoroka kesi ya kupigana baani. Jambo dogo, alisema. Alikuwa fundi mzuri wa mbao, lakini hakukubali kazi ya mtu aliyetaka risiti. Jino lilipomuuma alilitoa kwa koleo, kwa sababu hospitalini wangemuuliza kitambulisho. Mlango ukigongwa alikuwa anatazama dirisha kwanza. Siku moja nikamwuliza angefungwa muda gani kama angekaa. Akafikiri, akataja miezi michache. Kisha akarudi kwenye ubao wake. Angekuwa ametoka zamani, na nywele zake nyeusi. Alikuwa akikwepa kifungo kifupi kwa kujipa kirefu, na askari wa jela alikuwa yeye mwenyewe, askari asiyekwenda likizo.

Sikutungii hadithi ya kukutisha. Huenda Busia ungepata kazi. Huenda Oduor ni mkweli na hakuna atakayekutafuta kwa bidii. Inawezekana kabisa usikamatwe kamwe. Nalijua hilo, na ndilo ninaloliogopa kuliko jela.

Maana nilirudi, unajua. Baada ya miaka minne nilirudi Kisumu, nikagonga mlango wa Otieno, na mtoto wa miaka minane akanifungulia. Ukanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Ukaniuliza, "Wewe ni nani wa mama?" Sikuwa nimefanya kosa lolote, Mwangi, na bado nililipa hivyo. Ilichukua muda mrefu kabla hujaacha kuniita "yule". Mpaka leo nikisema nyumbani huwa nasita kidogo kabla ya neno, na watu hudhani natafuta Kiswahili. Mtu aliyefukuzwa anaweza kurudi siku wenzake wakichoka kuchukia. Anayejifukuza mwenyewe angoje nani achoke?

Jela nayo sitakusifia. Sijawahi kulala humo, na wazee wanaosema jela humfanya kijana kuwa mwanamume wengi wao hawakuiona hata kwa nje. Utapoteza miezi. Utapoteza ile kazi ya gereji uliyoahidiwa. Mtu fulani Kondele atatumia jina lako kumtishia mwanawe. Utatoka humo mwembamba na mwenye hasira, na sehemu ya hasira hiyo itakuwa yangu kwa haki. Niletee. Sitakuuliza kwa nini. Lakini siku utakayotoka utatoka kwa mlango, mchana, na hakuna atakayekuita nyuma.

Mama Akinyi alikutana na mama yako sokoni leo. Hakumsalimu kwanza. Alisema: "Huyo mtoto wenu kesho anakuja ama haji? Kwa sababu mimi nimefunga meza yangu nije niongee. Akiniacha huko nimekaa kama mjinga, nitamwambia hakimu nilikosea mwanzo." Mama yako akamwambia utakuja. Alisema hivyo bila kujua, uso mkavu, halafu akaja kulia hapa jikoni akisingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Kuna mambo mawili ya kesho ambayo ni haki uyajue.

La kwanza, nitaomba nafasi ya kusema. Wakili wa msaada wa kisheria ananiambia huenda nisisikilizwe, na nikisikilizwa huenda isisaidie, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na mikono iliyoshika usukani ni yako. Sawa. Nitasema hivyohivyo. Nitaeleza kwamba ulitaka kupiga simu nami nikakuzuia, na kwamba nilikuzuia ili wakwe zangu waniheshimu. Ogola atakuwepo. Acha asikie.

La pili ni gumu zaidi. Mimi ndiye mdhamini wako, niliyekutoa seli. Sikuandikii kwa sababu ya hilo, na watakalonifanya usipofika ni langu, nililitia saini nikiwa na akili timamu. Lakini nikiulizwa uko wapi sitasema sijui. Sitasema umelazwa. Nitasema umekwenda Busia kwa Oduor, na nitataja mtaa. Nimeshamwambia mama yako, na hajanisemesha tangu hapo. Uongo niliotaka kuusema Kisian ulinikatiza wewe. Siwezi kukuomba usimame kweli mbele ya watu halafu mimi nijifiche nyuma ya benchi.

Chukia hilo ukipenda. Nimekaa nalo jioni nzima, na kila nikijaribu kuliandika kwa namna nyepesi linakuwa uongo.

Nitatoka saa moja na nusu. Nitatembea, kwa sababu nikipanda gari nitafika mapema na kungoja kutanimaliza. Sitakugongea. Ukinifuata, twende kimya kama unapenda. Si lazima unisamehe njiani. Usiponifuata nitaendelea kutembea, nitapanda zile ngazi, nitakaa upande wa familia, kwa sababu kesi yako itaitwa ukiwepo usiwepo. Karani atasoma jina lako lote, Mwangi la babu yako na Ochieng la mama yako. Lazima mtu asimame. Nikiwa peke yangu, nitasimama mimi na kusema ulikokwenda.

Mwanangu, nakuomba usiniachie kuitika jina lako.

Baba yako